Kabla hujaandika barua ya tuta, uliza kwanza barabara ni ya nani

Ilikuwa mwezi wa 6 mwaka 2022, ile baridi ya Arusha ya kuendesha baiskeli umevaa soksi mikononi. Mi nafua nguo kwenye hoteli moja jirani na Mnara wa Saa na naishi kwa ndani kidogo upande wa Mbauda, kwa hiyo saa 11 na nusu alfajiri nakuwa nishatoka. Bodaboda mpaka lami, alafu haisi mpaka mjini, jioni tena hivyo hivyo, ukipiga hesabu inakuja karibu 3,000 kwa siku na mshahara wa kufua mashuka unaujua. Baiskeli ya mtumba nilinunua 180,000, hata miezi mitatu haikuisha ikawa imeshajilipa. Naipenda ile baiskeli mpaka leo.

Siku hiyo niko Barabara ya Sokoine, nimebana kushoto kabisa, haisi ikanipita na honi ndefu, kabla haijamaliza kunipita konda akaona abiria kituoni akagonga bodi na dereva akanichomekea. Kushoto mtaro, kulia tairi, sikuwa na pa kwenda. Nilibana breki zote mbili nikapaa juu ya usukani nikatua kwa bega kwenye ukingo wa zege, na nilisikia kitu kinalia kama kijiti kikavu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza na ndilo lililonigharimu hela nyingi kuliko yote. Dereva alishuka, kijana tu, mikono inamtetemeka, anasema kaka nisamehe, nawahi hesabu ya bosi, tumalize kiutu uzima. Akatoa 50,000. Watu wameshajaa, wengine wanasema chukua, wengine wanasema wewe na baiskeli yako mnafata nini barabara kubwa, mi nikasikia aibu kuliko maumivu, nikapokea. Namba ya gari sikuandika. Picha sikupiga. Nikavuta baiskeli kwa mkono mmoja mpaka kazini.

Mchana mkono haunyanyuki. Hospitalini kitu cha kwanza wanaulizia PF3, ile fomu ya polisi, kwa sababu ni majeraha ya ajali, ikabidi rafiki yangu anisindikize polisi kwanza. Pale askari ananiuliza gari namba ngapi, sijui. Dereva nani, sijui. Rangi, nyeupe yenye mstari, yaani nusu ya haisi za mji huu. Picha ya eksirei ikaonyesha mtulinga umevunjika, nikafungwa kitambaa cha kuning'iniza mkono, wiki sita. Ukijumlisha dawa, picha mbili, nauli za kliniki na siku ambazo sikulipwa nilipoteza kama 640,000. Ukitoa ile 50,000 ndio hiyo.

Baadaye ndo nikaja kuelimishwa kwamba bima ndogo, ile ambayo kila gari lazima iwe nayo, ipo kwa ajili ya mtu wa nje kama mimi niliyegongwa. Sio hisani ya dereva, ni haki ambayo mwenye gari ameshailipia. Ila bila namba ya gari na bila taarifa polisi huna pa kuanzia. Siku hizi bima ni za kielektroniki, ukiwa na namba ya gari unaingia kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kwa simu tu unaona kama bima iko hai na ni ya kampuni gani. Kwa hiyo ukigongwa, hata kama unajiona mzima, hata kama dereva analia, piga picha namba ya gari kwanza, chukua namba za watu wawili walioona, alafu nenda polisi ukachukue PF3, ni bure. Msamaha utautoa baadaye ukishajua mfupa gani umevunjika. Ajali ina joto lake, saa ya kwanza huumwi.

Jambo lingine ambalo natakiwa niwe mkweli, alfajiri ile sikuwa na taa ya nyuma wala rifleta, nimevaa jaketi jeusi. Haibadilishi kwamba nilichomekewa, lakini toka hapo sijawahi kutoka bila taa. Taa ya kuchaji ya nyuma niliipata kwa 8,000, na koti la rifleta lile la mafundi ujenzi 5,000. Kama unaendesha kabla jua halijachomoza nunua hivyo viwili kabla hujanunua kengele wala keria.

Wakati nauguza bega nilikaa sana barazani, na ndo kipindi kile kile mtaani kwetu barabara iliwekwa lami. Tulishangilia wote. Vumbi limeisha, akina mama wanaanika nguo bila kuzifua mara mbili. Ila hakuna aliyejiuliza kwamba yale mashimo ndiyo yalikuwa matuta yetu. Barabara ya vumbi gari ilikuwa inatembea kama inatafuta sindano, ikiwekwa lami bodaboda wanalala juu ya tenki, malori ya mchanga yakagundua kuna njia ya mkato ya kukwepa foleni ya lami kubwa, na haisi zikianza kutanua kule juu baadhi zinashukia kwetu. Na shule ya msingi iko pale pale katikati, geti linafunguka moja kwa moja barabarani.

Mei 2023 mtoto wa darasa la tatu aligongwa na pikipiki akitoka shule. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Mi nilikuwa narudi kazini nikakuta kiatu chake kimoja bado kiko kwenye lami, kiatu cheusi cha shule, kamba imefungwa vizuri kabisa, mama yake alimfungia asubuhi. Kile kiatu sijakisahau.

Usiku ule ule tulikusanyika vijana kama kumi na tano, na mimi nikiwemo tena mstari wa mbele, tukabeba mawe na udongo kutoka kwenye kiwanja cha mtu tukajenga matuta yetu wenyewe, mawili, moja kila upande wa geti. Tulijisikia tumefanya kitu. Serikali imelala sisi tumeamka, ndo maneno tuliyokuwa tunasema.

Siku ya pili yake, alfajiri bado giza, nasikia chuma kinagonga chini alafu mtu anaugua. Nikatoka mbio. Ni mzee mmoja anayeleta maziwa kutoka juu kwa baiskeli, madumu mawili ya lita ishirini amefunga nyuma, kila siku anapita. Hakuliona tuta. Halina rangi, halina kibao, juzi halikuwepo. Dumu moja limepasuka, maziwa yanatiririka kwenye lami mpaka mtaroni na yeye amekaa chini ameshika kifundo cha mkono. Nikamwambia shikamoo mzee, pole sana mzee. Akaitikia marahaba, alafu akauliza taratibu tu, "Nani ameweka mawe haya, mwanangu?"

Nilimwambia ni sisi. Nilikuwa na uchaguzi wa kunyamaza ila nisingeweza kumtazama tena. Alikaa kimya kidogo alafu akasema, "Mmemlenga mwenye gari mkanipata mimi." Tulichanga tukalipa maziwa na dumu, 40,000, na mkono ulikuwa umeteguka tu namshukuru Mungu. Asubuhi hiyo hiyo tukayatoa mawe yote.

Naandika hili kwa sababu nimeona mitaa mingi watu wanafanya tulichofanya, wengine wanachimba hadi mfereji kukata lami. Kuweka kitu barabarani bila kibali ni kosa kisheria, Sheria ya Barabara ya 2007 ipo, ila mi sheria hata siitangulizi. Natanguliza yule mzee. Tuta la mawe gari kubwa linalipanda bila shida. Anayeanguka ni wa baiskeli, wa mkokoteni, mama mwenye ndoo kichwani, yaani wale wale tunaosema tunawalinda.

Basi tukaamua kufuata utaratibu, na hapa ndo nilipoteza muda kuliko kwingine kote. Niliandika barua nzuri, kurasa mbili, nimeeleza kila kitu kuhusu mtoto, nikaipeleka ofisi moja inayohusika na barabara, nikaiacha mapokezi, nikaondoka na furaha. Hiyo ni mwezi wa 6 2023. Nilienda kuulizia mara nne. Mwezi wa 11 dada mmoja wa mapokezi akanionea huruma akaingia ndani akauliza, akarudi akaniambia kaka hii barabara sio ya kwetu. Miezi mitano. Kosa kwa kweli lilikuwa langu, sikuuliza kabla.

Kwa hiyo kaa na hili kichwani. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani, za mjini na vijijini, ziko chini ya TARURA, ambayo ilianzishwa 2017, kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri na ndo maana wazee wengi bado wanakutuma halmashauri. Ile njia nne ya Sakina mpaka Tengeru kwa mfano, huwezi kupeleka maombi ya kivuko TARURA, utarudishwa. Na ya kwenu ya mtaani ukiipeleka TANROADS hivyo hivyo. Ukiwa na shaka, mtendaji wa mtaa anajua, au muulize fundi yeyote aliyeijenga, dakika tano tu ungekuwa umeokoa miezi mitano.

Barua ya pili nikaipeleka sehemu sahihi, mwezi wa 12. Ikarudi ndani ya wiki mbili. Haikuwa imepita kwa mtendaji wa mtaa, haina muhtasari wa mkutano, ni ya mtu mmoja. Yule afisa alikuwa na adabu sana, akaniambia ndugu yangu, mi nikikujengea wewe tuta kesho atakuja jirani yako kusema linamtikisia nyumba nilibomoe. Alikuwa na hoja.

Nilikata tamaa. Nasema ukweli, Januari yote sikugusa hilo jambo, nikipita pale getini natazama upande mwingine. Aliyenirudisha alikuwa mgeni pale hotelini, mama mtu mzima kutoka Uholanzi, aliniona naingiza baiskeli nyuma ya jengo akaniuliza kama siogopi. Nikamsimulia. Mi nilikuwa najua Uholanzi baiskeli ni kama wamezaliwa nazo. Akanambia hapana, miaka ya 70 kwao magari yalikuwa yameshateka mitaa, mwaka 1971 peke yake walikufa zaidi ya watu 3,000 barabarani wakiwemo watoto zaidi ya 400, wazazi ndio waliotoka kufunga mitaa na kupiga kelele mpaka serikali ikabadilisha namna ya kujenga barabara. Yeye alikuwa msichana, mama yake alimbeba kwenye maandamano. Nilipanda baiskeli jioni ile nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Tarehe 24 Februari 2024 ikatokea ile ajali ya Ngaramtoni pale Kibaoni, lori lilifeli breki watu 25 wakafariki. Mji mzima uliingia baridi. Mkutano wa mtaa uliofuata ambao kawaida wanakuja watu thelathini walikuja mpaka wamesimama nje ya ukuta. Mwenyekiti akanipa nafasi. Sikuwa na hotuba, ila safari hii nilikuwa na namba, na hizo namba ndo nataka mzichukue kwa sababu hazihitaji elimu wala vifaa.

Mwalimu mmoja wa ile shule alinisaidia. Tuliazima futi ya fundi ujenzi tukapima mita 50 kati ya nguzo mbili za umeme, tukaweka alama ya chokaa. Mmoja anakaa nguzo ya kwanza ananyoosha mkono gari likipita, mwingine nguzo ya pili ana saa ya simu. Ndani ya maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Gari la spidi 50 linakata mita 50 kwa sekunde 3.6. Likitumia chini ya hapo limezidi. Likitumia sekunde 2 na nusu liko 72. Tulikaa asubuhi tatu kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 1 na nusu, tukaandika kwenye daftari la mraba. Zaidi ya nusu ya magari yalikuwa yamezidi na bodaboda ndo usiseme, kuna moja ilitumia sekunde mbili kamili, yaani 90, mbele ya geti la shule ya msingi. Watoto tuliowahesabu wakivuka ni 386 kwa asubuhi moja.

Alafu nikawaonyesha kitu kimoja pale mkutanoni. Nikawaambia gari la spidi 50 linakata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva akishaona mtoto kuna sekunde nzima inapita kabla mguu haujafika kwenye breki. Nikapiga hatua 14 kutoka meza ya mwenyekiti, nikatoka kwenye kivuli cha turubai, nikafika mpaka kwenye duka la Mangi. Nikageuka nikasema, hapa ndo anaanza kukanyaga breki. Bibi mmoja alisema "Yesu wangu" kwa sauti. Nadhani hapo ndo jambo lilipita.

Wapinzani walikuwepo. Bodaboda wa kijiwe cha kona walisema matuta yanaua shoki. Niliwasikiliza kwa sababu nao wanakufa. Mwalimu akasoma kwenye simu yake ripoti ya Shirika la Afya Duniani kwamba mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani duniani na zaidi ya nusu ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, akawaambia wadogo zangu mko kwenye fungu moja na hawa watoto. Mwenyekiti wa kijiwe akasaini muhtasari. Hilo nalisisitiza, saini ya bodaboda kwenye muhtasari ilikuwa na nguvu kuliko za wazazi hamsini.

Kosa lingine lilikuwa kwa akina mama wa mboga. Upande wa chini kuna njia ya miguu, nyembamba lakini ipo, na imejaa meza za nyanya na mbogamboga, kwa hiyo watoto wanatembelea lami. Kwenye rasimu niliandika waondolewe. Mama mmoja anayeuza pale miaka mingi aliniita pembeni, hakufoka, akanambia, "Mwanangu, mimi nikitoka hapa nani atawaangalia hao watoto jioni? Nani alimbeba yule aliyegongwa?" Ni yeye alimbeba. Nilijisikia vibaya sana. Tukakaa nao, wakasogeza meza hatua moja nyuma, mtaro tukaufunika kwa mbao mbele ya kila meza ili mteja asimame juu ya mbao asisimame kwenye njia. Mbao zilitugharimu 95,000 za kuchangishana. Njia ikapatikana bila mtu kufukuzwa. Zingatia mbao zinaoza, kila masika maji yanayoshuka kutoka Meru yanazibeba mbili tatu, inabidi ukague.

Barua ya tatu ikaondoka mwezi wa 3 2024, ukurasa mmoja, imeambatana na muhtasari wenye saini, karatasi ya namba zetu, ramani ya kuchora kwa mkono na picha nne, imepita kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, nakala kwa diwani na kwa ofisi ya usalama barabarani. Nilibeba nakala ya ziada nikagongewa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo muhuri huna barua, una kumbukumbu tu.

Mhandisi alikuja mwezi wa 5. Kwanza akatuambia mipango ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huwa imeshafungwa muda mrefu, maombi ya vitu vikubwa yanatakiwa yawe yamefika kabla ya mwaka kuisha, yaani Novemba hivi yawe mezani. Ila matuta na kivuko angeweza kujaribu kwenye fungu la matengenezo. Akatufundisha pia kwamba tuta sio kimo. La kitaalamu lina upana kama mita 3.7 na kimo sentimita 10, linapandika taratibu, na ukilifanya jembamba na refu kama ukuta linavunja magari bila kupunguza spidi sehemu zingine. Mbele ya geti akapendekeza kivuko kilichoinuliwa, tuta lenye mgongo bapa ambalo zebra inachorwa juu yake, mtoto anavuka akiwa juu na dereva anamwona.

Hapo ndo yule mzee wa maziwa, nilimwomba aje, akanyoosha mkono. Akasema, mheshimiwa, mkilijenga mpaka kwenye ukingo, sisi wa mizigo mnatulazimisha kupanda au kwenda katikati ya gari. Tuachieni nafasi ya tairi. Mhandisi akapima kwa hatua, akasema nafasi hiyo itasaidia maji kupita pia, akaandika. Mi naendesha baiskeli kila siku na wazo hilo halikunijia. Kwenye kikao chochote cha barabara mlete mtu anayebeba mzigo kwa miguu au kwa baiskeli, usimwakilishe, mlete mwenyewe.

Na geti. Mwalimu alikuwa amesoma kuhusu mradi wa usalama barabarani mashuleni wa shirika la Amend kule Dar, unaoitwa SARSAI, ambao mwaka 2019 ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross, na moja ya vitu walivyokuwa wanafanya ni kuhamisha tu geti la shule lisifunguke barabara yenye magari. Sisi tuna kichochoro ubavuni mwa shule. Kamati ya shule ikakaa, tukatoboa ukuta, tukahamisha geti lile lile la bati, fundi na saruji 310,000, hakuna barua wala mhandisi, ni wiki moja. Ningejua ningeanza na hilo, kabla ya kila kitu, Mei ile ile ya 2023.

Matuta yalijengwa Novemba 2024. Yalikaa siku 19 bila rangi, na hizo siku mi na vijana tulikuwa tunapokezana alfajiri na tochi ili mtu asianguke, maana tulishajua tuta lisiloonekana linafanya nini. Ukiahidiwa tuta, uliza tarehe ya rangi na vibao kabla hujashukuru.

Mambo hayajaisha. Ile nafasi ya tairi bodaboda wameigundua, baadhi wanapita humo humo bila kupunguza, na tunaongea na kijiwe kila wiki. Rangi ya zebra saivi imeanza kufifia. Na mi nikipita Sokoine huwa natazama jina la barabara, hivi, kwamba Edward Sokoine mwenyewe, mtu wa Monduli, waziri mkuu, alifariki kwa ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984 kule Dakawa, na barabara yenye jina lake bado wa baiskeli anapita anasali. Ile ni kubwa kuliko mimi na mtaa wangu, ila barua yake nimeshaanza, na safari hii nimeshauliza ni ya nani.

Jumatatu nina kliniki ya yule binti aliyegongwa akitoka shule, si mimi, yeye, ndo ya mwisho wanasema, mama yake ameniomba niwasindikize kwa sababu anataka kwenda kwa miguu mpaka kituoni. Tutapitia kichochoroni.